Kupima Mkondo wa Bodi Iliyolala

Mkondo mdogo wa umeme, kwa lugha ya meza ya fundi, ni ule ulio chini ya miliampea 1: maikroampea mia chache, kumi, au hata sehemu ya moja. Maikroampea ni sehemu ya milioni ya ampea, na maikrokontrola nyingi za leo zikilazwa hutumia chache tu. Waraka wa mtengenezaji wa ATmega328P, chipu iliyo kwenye Arduino Uno, unataja maikroampea 0.1 pale karibu kila kitu ndani ya chipu kinapozimwa, kwa volti 1.8 na joto la sentigredi 25. ESP32 ya kampuni ya Espressif inatajiwa maikroampea 10 katika usingizi mzito, saa yake ya ndani na kumbukumbu yake ndogo zikiwa bado macho. ESP32 hiyohiyo ikiamka na kurusha Wi-Fi kwa nguvu zote hufika miliampea 240, yaani mara 24,000 ya mkondo wa usingizini, na huvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Ugumu wa kupima unaanzia hapo, kwa sababu mita nyingi hazikuundwa kuona vyote viwili kwa pamoja.

Kabla ya kushika waya ni lazima iamuliwe kinachopimwa ni chipu au ni bodi nzima. Namba za mtengenezaji wa chipu ni za chipu peke yake, ilhali bodi ya majaribio imebeba vitu vingine vinavyokula umeme uleule: regyuleta inayoshusha volti 5 kuwa 3.3, chipu inayounganisha USB na maikrokontrola, na taa ya LED inayoonyesha kwamba umeme upo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosikia amri ya kulala iliyoandikwa kwenye programu. Regyuleta ya AMS1117, iliyoenea kwenye bodi za ESP32, hutumia yenyewe takriban miliampea 5 hata pale bodi isipofanya kazi yoyote. Hiyo ni mara 500 ya mkondo wa ESP32 iliyolala. Chipu ya USB aina ya CP2102 ikiwa kazini huchukua kama miliampea 20. Taa ya LED yenye rezista ya omu 1,000 kwenye volti 3.3 huongeza miliampea 1 na ushei. Kwa hiyo anayelaza ESP32 kwenye bodi ya kawaida akaona mita inasoma miliampea 10 hana sababu ya kuifumua programu yake. Huenda programu haina kosa lolote. Arduino Uno ni mfano mkali zaidi: chipu yake ikilala fofofo, bodi huendelea kunywa makumi ya miliampea.

Baadhi ya watengenezaji wa bodi wameliona tatizo hili na kutenga mahali pa kupimia. Bodi za Nucleo-64 za STMicroelectronics zina jampa ya JP6 iliyoandikwa IDD. Ikichomolewa, mita huwekwa katikati ya pini zake mbili na kuona mkondo wa maikrokontrola peke yake. Bodi ya nRF52 DK ya Nordic Semiconductor nayo ina pini za P22 kwa kazi hiyohiyo, ila kwanza hukatwa kiungo kidogo cha risasi kilichochorwa kwenye bodi. Anayeanza kujifunza kupima angefaa aanzie kwenye bodi za namna hii, kwa kuwa jibu lake linaweza kulinganishwa moja kwa moja na waraka wa mtengenezaji.

Bodi za ESP32 za aina ya DevKitC hazina jampa kama hiyo. Njia iliyobaki ni kuipa bodi umeme wa volti 3.3 uliodhibitiwa vizuri kupitia pini ya 3V3, waya wa USB ukiwa umeondolewa. Hapa kuna onyo la kuzingatiwa: Espressif yenyewe inaelekeza kwamba bodi hii ilishwe kwa njia moja tu kati ya USB, pini ya volti 5 na pini ya volti 3.3, maana kuchanganya njia mbili kunaweza kuunguza bodi au chanzo cha umeme. Na volti 5 ikiingizwa kimakosa kwenye pini ya 3V3, chipu haitapona. Hata kwa njia hii, regyuleta bado imeunganishwa kwa upande wake wa kutolea, na mkondo kidogo unaweza kurudi kinyumenyume kupitia humo. Ukweli kamili hupatikana kwa kuziondoa regyuleta, chipu ya USB na LED kwa chuma cha kulehemu, au kwa kutumia moduli tupu ya WROOM-32 iliyochomewa nyaya.

Kwa mtu mwenye bodi mbili, utaratibu mzuri ni kuitoa moja kafara. Mkondo wa bodi nzima hupimwa na kuandikwa, kisha LED inaondolewa na kipimo kurudiwa, kisha regyuleta, kisha chipu ya USB. Tofauti kati ya kipimo na kipimo ndiyo matumizi ya kila kilichoondolewa. Kazi hiyo ya jioni moja hufundisha mengi kuliko kusoma orodha ya matumizi iliyoandikwa na mtu mwingine, kwa sababu bodi mbili zenye jina moja sokoni mara nyingi hazina vipuri sawa.

Sasa mita yenyewe. Mita haioni mkondo. Ndani yake kuna rezista ndogo inayoitwa shanti. Mkondo hupita humo, volteji ndogo hujitokeza kwenye ncha zake, na mita husoma volteji hiyo na kuibadilisha kuwa namba ya mkondo. Volteji inayobaki kwenye shanti imepunguzwa kutoka kwenye volteji ya bodi. Mita za bei nafuu za jamii ya DT830, zile zinazouzwa kila duka la umeme kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, zimejengwa kusoma hadi milivolti 200. Maana yake, kwenye nafasi ya maikroampea 200 shanti ni ya omu 1,000. Kwenye maikroampea 2,000 ni omu 100. Kwenye miliampea 20 ni omu 10. Na kwenye miliampea 200 ni omu 1. Mita ghali hubeba mzigo mdogo zaidi, lakini nazo hazikosi: Fluke 87V kwenye nafasi ya maikroampea hupoteza milivolti 0.1 kwa kila maikroampea, ambayo ni sawa na shanti ya omu 100.

Ikiwa bodi imelala na inatumia maikroampea 10, shanti ya omu 1,000 hupoteza milivolti 10 tu. Bodi iliyopewa volti 3.30 hupata 3.29, na haidhuriki. Tabu huja bodi inapoamka. ESP32 inayotaka miliampea 50 kuanzia tu kazi ingehitaji volti 50 zipotee ndani ya shanti hiyo, jambo lisilowezekana. Kinachotokea ni kwamba volteji ya bodi huporomoka, kinga ya volteji ndogo iliyo ndani ya chipu huizima, chipu hujaribu kuwaka tena, huporomoka tena, na kuendelea hivyo bila mwisho. Mita wakati huo huonyesha namba inayorukaruka au alama ya kuzidiwa. Wengi huamua hapo kwamba bodi ni mbovu. Bodi ni nzima. Mita ndiyo iliyoizuia kuamka. Moduli ya WROOM-32 inahitaji volti kati ya 3.0 na 3.6, kwa hiyo nafasi ya kupoteza ni ndogo sana.

Mita zinazojichagulia nafasi zenyewe zinaongeza mtego mwingine. Zinapohama kutoka nafasi moja kwenda nyingine hubadilisha shanti, na baadhi hukata njia ya umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kukatika huko kunatosha kuizima maikrokontrola, nayo ikiwaka upya huvuta mkondo mkubwa, mita huhama tena, na mzunguko unajirudia. Mita ya namna hiyo ifungwe kwenye nafasi moja kabla ya kuanza, kwa kitufe kilichowekwa kwa ajili hiyo.

Dawa rahisi ya haya yote ni swichi ya bei ndogo, au hata waya mfupi wenye vibanio viwili, iliyowekwa sambamba na mita. Swichi ikifungwa, mkondo hupita kwenye swichi na kuiacha mita. Bodi huwaka, huunganisha Wi-Fi, hufanya kazi yake bila kuhisi shanti. Ikishalala, swichi hufunguliwa na mkondo wote mdogo hulazimika kupita kwenye mita. Kabla bodi haijaamka, swichi hufungwa tena. Programu ya kupimia huandikwa kwa kufuata mpango huo: bodi ikae macho kwa sekunde 10 baada ya kuwaka, kisha ilale kwa dakika nzima, ili mkono upate muda. Taa ndogo inayozimwa na programu mara tu kabla ya kulala husaidia kujua wakati hasa wa kufungua swichi. Dayodi iliyowekwa sambamba na mita hufanya kazi ya swichi bila mkono, lakini dayodi ya silikoni hupoteza karibu volti 0.6 inapobeba mzigo, na kwa ESP32 inayolishwa volti 3.3 hiyo ni nyingi mno. Swichi ni bora.

Kapasita iliyowekwa upande wa bodi, baada ya mita, hupunguza mishtuko midogo ambayo chipu huwa nayo hata usingizini. Kapasita ya maikrofaradi 470 pamoja na shanti ya omu 1,000 huhitaji kama sekunde mbili na nusu kutulia baada ya swichi kufunguliwa, hivyo namba ya sekunde ya kwanza haifai kuandikwa. Tena kapasita za aina ya elektroliti huvuja zenyewe. Uvujaji huo hupimwa kwanza kwa kuiacha kapasita peke yake baada ya mita, bodi ikiwa imeondolewa, na namba inayopatikana hutolewa kwenye jibu la mwisho.

Kila mita inayokusudiwa kupima mkondo mdogo ijaribiwe kwanza kwa kitu kinachojulikana. Rezista ya omu 330,000 kwenye volti 3.3 hupitisha maikroampea 10 kamili, kwa hesabu ya Ohm ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaijua. Rezista hiyo ikiwekwa mahali pa bodi, mita inapaswa kusoma 10 au karibu yake. Ikisoma sifuri, mara nyingi fyuzi imeungua. Hili si jambo la nadra: fyuzi ya mita ndogo ni ya miliampea 200 au 250, na ESP32 moja inayorusha Wi-Fi kupitia nafasi ya miliampea 200 inaweza kuichoma. Mtu asiyelijua hilo huona sifuri, hufurahi kwamba bodi yake haitumii umeme, na kuifunga ndani ya kasha. Jaribio la rezista huchukua dakika mbili na linastahili kurudiwa kila siku ya kazi. Kosa jingine la zamani linaloua fyuzi ni kusahau waya mwekundu kwenye tundu la ampea kisha kuigusisha mita kwenye betri ili kusoma volti. Katika nafasi hiyo mita ni sawa na waya mtupu.

Wapo wanaopendelea kuacha kabisa upande wa ampea wa mita. Huweka rezista ya kupimia wanayoijua kati ya betri na bodi, na kusoma milivolti kwenye ncha zake. Kwa mita isomayo hadi milivolti 0.1, rezista ya omu 100 huonyesha hatua za maikroampea 1, na ya omu 1,000 hatua za maikroampea 0.1. Hakuna fyuzi ya kuungua, na mita inaweza kuchomolewa na kurudishwa bila bodi kuzimika. Rezista ya usahihi wa asilimia 1 hugharimu senti tu na huaminika kuliko shanti ya mita isiyojulikana ilitengenezwa wapi. Swichi ya sambamba bado inahitajika kama kawaida.

Moduli za kupimia mkondo zenye chipu ya INA219 hununuliwa na wengi kwa kazi hii, na hapo wengi hupotea. Hatua ndogo kabisa inayoonwa na INA219 kwenye shanti ni maikrovolti 10. Moduli za kawaida zina shanti ya omu 0.1, kwa hiyo hatua yake ndogo ni miliampea 0.1, yaani maikroampea 100. Bodi inayolala kwa maikroampea 10 haionekani kabisa kwa chombo hicho. Kinachoonyeshwa ni sifuri au kosa la chombo chenyewe. INA219 ni nzuri kwa kupima bodi iliyo macho. Kwa usingizi haifai, hadi shanti yake ibadilishwe kwa kubwa zaidi, na hapo itarudi kwenye tatizo lilelile la bodi kushindwa kuamka.

Sehemu inayowapotosha hata wazoefu ni njia za siri ambazo umeme hupita bila kuonwa na mita. Pini ya maikrokontrola ina dayodi za kinga ndani yake. Kama pini hiyo imeunganishwa na kifaa kingine chenye umeme wake, kwa mfano adapta ya USB inayosoma ujumbe wa bodi kwenye kompyuta, umeme huweza kuingia kupitia waya wa ujumbe na kuilisha bodi kwa mlango wa nyuma. Mita iliyo kwenye waya wa betri huona mkondo umepungua, pengine umekuwa sifuri, wakati mwingine hata hasi. Namba huonekana nzuri kuliko ukweli, na hiyo ndiyo hatari yake, maana hakuna anayechunguza habari njema. Kanuni ni kwamba wakati wa kipimo cha mwisho bodi ibaki na nyaya mbili tu, chanya na hasi. Adapta, kompyuta, osiloskopu na mita nyingine zote zing'olewe.

Kifaa cha kusahihishia programu nacho huleta kosa la upande wa pili. Maikrokontrola iliyounganishwa nacho huacha baadhi ya sehemu zake macho ili kifaa kiendelee kuongea nayo, na hali hiyo huweza kudumu hata baada ya waya kuchomolewa. Kwenye chipu za nRF52 na STM32, njia ya uhakika ni kukata umeme kabisa, kusubiri kapasita zimalizike, kisha kuwasha upya bila kifaa hicho. Wapo waliotumia siku nzima kutafuta miliampea moja iliyopotea, kumbe ilikuwa imeshikiliwa na kikao cha kusahihishia kilichofunguliwa asubuhi.

Ndani ya bodi yenyewe kuna mivujo inayoweza kukadiriwa kwa kalamu kabla ya kupimwa. Rezista mbili za omu 10,000 zilizowekwa kugawa volteji ya betri ili chipu iisome hupitisha maikroampea 210 betri ikiwa na volti 4.2, usiku na mchana. Zikibadilishwa kuwa za omu 1,000,000 kila moja, hubaki maikroampea 2.1, ingawa kapasita ndogo itahitajika kwenye pini ya kusomea ili usomaji usiyumbe. Rezista ya omu 4,700 inayovuta waya wa sensa kwenda juu hupitisha miliampea 0.7 kama waya huo umeachwa chini wakati wa kulala. Pini iliyowekwa kuwa ya kupokea na kuachwa ikielea bila kushikwa juu wala chini huzifanya transista zake mbili za mlangoni zipitishe umeme kidogo kwa pamoja. Moduli ya ESP32-WROVER ni mfano uliotajwa na Espressif yenyewe: pini yake ya 12 inavutwa juu na rezista ya nje na chini na rezista ya ndani, na mkondo hupita kati ya hizo mbili usingizi mzima hadi programu iitenge pini hiyo. Mtu akiona maikroampea 70 ambazo hazina mwenyewe, agawanye volteji kwa namba hiyo na kutazama kwenye mchoro kama kuna rezista ya thamani itakayopatikana. Volti 3.3 kwa maikroampea 70 ni kama omu 47,000. Mara nyingi rezista hiyo ipo.

Asiye na mita yenye nafasi ya maikroampea bado ana njia, nayo ni nzuri kuliko inavyodhaniwa: kapasita na saa. Kapasita ikiwa chanzo pekee cha umeme, volteji yake hushuka kwa mwendo unaolingana na mkondo. Mkondo ni ukubwa wa kapasita mara volti zilizoshuka, kugawanya kwa sekunde zilizopita. Kapasita ya maikrofaradi 1,000 inayoshuka kutoka volti 3.30 hadi 3.00 kwa sekunde 30 inatoa maikroampea 10. Bodi huwashwa kwa umeme wa kawaida huku kapasita ikiwa sambamba, huachwa ilale, ndipo umeme hukatwa na saa kuanza kuhesabu. Umeme ukikatwa kabla bodi haijalala jaribio limeharibika, kwani mkondo wa miliampea 100 hushusha kapasita hiyo volti 0.1 kwa kila milisekunde.

Njia hii ina mambo matatu ya kurekebisha. Thamani iliyoandikwa kwenye kapasita ya elektroliti huweza kuwa pungufu au zaidi kwa asilimia 20. Mita inayosoma volti nayo hunywa: ukinzani wa omu milioni 10 kwenye volti 3.3 ni maikroampea 0.33, hivyo ni vyema iguswe mwanzo na mwisho tu. Na kapasita huvuja, hasa ikiwa imekaa muda mrefu bila umeme. Iachwe ikiwa imechajiwa kwa saa kadhaa kwanza. Ile rezista ya omu 330,000 hutumika hapa pia. Ikiwekwa badala ya bodi, kapasita ya maikrofaradi 1,000 kamili inapaswa kushuka kutoka 3.30 hadi 3.00 kwa sekunde 31 na nusu hivi. Ikichukua sekunde 27, basi ukubwa wake wa kweli ni karibu maikrofaradi 860, na hiyo ndiyo namba ya kutumia.

Vyombo maalumu vipo na vinaondoa adha nyingi. Power Profiler Kit II ya Nordic hulisha bodi volti 0.8 hadi 5, hupima kuanzia chini ya maikroampea 1 hadi ampea 1, huchukua sampuli 100,000 kwa sekunde, na hujibadilishia nafasi bila kuizima bodi. Haidai kwamba chipu inayopimwa iwe ya Nordic. Kikundi cha mafundi au klabu ya chuo kingefaa kuchangishana na kununua kimoja. Osiloskopu iliyowekwa kwenye rezista ya omu 1 huonyesha vizuri umbo la mkondo bodi ikiwa macho, miliampea 100 ikionekana kama milivolti 100. Usingizini haioni kitu, kwani maikroampea 10 ni maikrovolti 10 tu.

Vipimo viwili, cha usingizini na cha bodi ikiwa macho, ndivyo vinavyotoa hesabu ya betri. Kwa mfano, kifaa cha ESP32 kinachopima unyevu wa udongo kinaamka kila dakika 10, kinakaa macho sekunde 4 kwa wastani wa miliampea 100, na kulala sekunde 596. Kikilala kwa maikroampea 15, sehemu ya macho inachukua miliampea-sekunde 400 na ya usingizi karibu 9. Wastani ni miliampea 0.68. Betri ya 18650 ya miliampea-saa 3,000 ingedumu kwa hesabu hiyo saa 4,400, yaani miezi sita. Kifaa hichohicho kwenye bodi ya kawaida inayolala kwa miliampea 10 kina wastani wa miliampea 10.6, na betri ileile inakwisha siku ya kumi na mbili. Hesabu hii huonyesha pia mahali pa kuelekeza nguvu. Katika hali ya pili, kufupisha muda wa kukaa macho karibu hakusaidii lolote. Regyuleta ndiyo ya kubadilishwa. Katika hali ya kwanza, kushusha usingizi kutoka maikroampea 15 hadi 5 ni kupoteza muda, na kila sekunde inayopunguzwa kwenye kuunganisha Wi-Fi huongeza wiki.

Katika kubadilisha regyuleta kuna mtego wa mwisho. MCP1700 hutumia yenyewe maikroampea 1.6 tu na husifiwa kwa haki, lakini uwezo wake ni miliampea 250, wakati Espressif inashauri chanzo cha ESP32 kiweze kutoa miliampea 500 au zaidi. Kapasita kubwa pembeni hubeba kilele kifupi, ila bodi inayorusha mfululizo inahitaji regyuleta yenye uwezo zaidi. AMS1117 nayo, mbali na ulafi wake, inahitaji zaidi ya volti 1 juu ya ile inayotoa, kwa hiyo betri ya lithiamu ya volti 3.7 haiwezi kuipa bodi volti 3.3 kupitia humo.

Joto nalo halina budi kuandikwa kando ya kila kipimo. Uvujaji wa silikoni huongezeka karibu maradufu kwa kila sentigredi 10, kwa kanuni ya kukadiria, na namba za mtengenezaji huwa za sentigredi 25. Kasha la plastiki lililofungwa juu ya bati mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa halina joto hilo. Kwa hiyo kipimo cha mezani kinafaa kurudiwa bodi ikiwa ndani ya kasha lake, juani, kwa rezista na swichi zilezile, kabla ya silikoni ya kuzibia kuwekwa.